Kujua Kuendesha Gari Hakutoshi

Gari ni mali, na mali isiyotunzwa haikawii kugeuka mzigo kwa mwenyewe. Ukweli huu haubishaniwi na mtu yeyote, lakini ni wachache mno wanaoufuata. Katika maofisi yetu, mashuleni na majumbani mwetu, idadi ya watu wanaojua kuendesha gari imeongezeka sana, hali idadi ya wanaojua kulitunza haikuongezeka kwa kiasi hicho. Pengo hilo linatugharimu fedha, wakati na, mara nyingine, maisha ya watu. Kwa sababu hiyo tunaona yafaa jambo hili lizungumzwe kwa uwazi.

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, mtumishi wa Serikali aliyesafiri kikazi alipewa gari pamoja na dereva wake, na dereva huyo aghalabu alikuwa mtu aliyejua kufungua plagi, kuisugua na kuirudisha mahali pake. Magari yalikuwa machache, na waliopewa dhamana ya kuyaendesha waliyajua kama mkulima aijuavyo jembe lake. Leo mambo yamebadilika. Mwalimu, mwuguzi, karani na mhasibu wa halmashauri hukopa benki au katika chama cha akiba na mikopo, huagiza gari lililokwisha kutumika kutoka Japani, hulipokea bandarini Dar es Salaam, na baada ya majuma machache ya mafunzo hushika usukani mwenyewe. Hayo ni maendeleo, na hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini mtu huyo huyo, ukimwomba afungue boneti na akuonyeshe mahali pa kupimia oili, huenda akababaika. Deni atalilipa kwa miaka kadhaa. Chombo alichokikopea hakijui hata kidogo.

Haikuwa hivyo wakati wa dhiki. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka bei ya mafuta ilivyopanda duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Watakumbuka pia kwamba baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kipuri kidogo tu kiliweza kulilaza Land Rover la wilaya kwa miezi mingi. Shida ile iliwafundisha watu kutunza. Oili ilipimwa kila asubuhi kwa sababu injini nyingine isingepatikana. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, vipuri vilianza kurudi madukani, na leo vimejaa tele. Jambo la kusikitisha ni kwamba jinsi vipuri vilivyozidi kupatikana, ndivyo uangalifu ulivyozidi kupungua. Wingi wa vipuri si hoja ya kuviharibu. Kila injini inayokufa kabla ya wakati wake hununuliwa upya kwa jasho la mtu, ama la mwenye gari, ama la mlipa kodi.

Wako watakaosema kwamba utunzaji wa gari ni kazi ya fundi, na kwamba mtu aliyesomea ualimu au uhasibu hana haja ya kuchafua mikono yake. Hoja hii inachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kutengeneza ni kazi ya fundi; kutunza ni kazi ya mwenye chombo. Mama si daktari, lakini hugusa paji la uso wa mwanawe akajua kwamba mtoto ana homa, na hungojei mtoto azimie ndipo ampeleke hospitali. Vivyo hivyo mwenye gari hadaiwi kujua kufungua injini. Anadaiwa kuzijua dalili, kuzuia yanayozuilika, na kumfikia fundi mapema. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ufa huo mara nyingi ni lita moja ya oili iliyopungua, na ukuta ni injini nzima.

Basi anayeanza na aanzie wapi? Aanze na dakika kumi za asubuhi, kabla ya kuwasha gari. Alizunguke kwanza na kutazama chini yake. Doa jeusi au la hudhurungi ni dalili ya oili inayovuja. Maji yenye rangi ya kijani au nyekundu hutoka kwenye rejeta au mabomba yake. Maji safi yanayodondoka wakati kiyoyozi kinafanya kazi si ugonjwa, ni unyevu wa hewa uliopozwa. Kisha atazame matairi yote, la akiba likiwamo. Ni jambo la kawaida kwa msafiri kupata pancha porini na kugundua kwamba tairi la akiba nalo halina upepo tangu gari liliponunuliwa.

Baada ya hapo afungue boneti, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute kwa kitambaa safi, akirudishe mpaka mwisho, kisha akichomoe tena na kusoma. Oili itakiwayo ni ile iliyo kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, iongezwe ya aina inayotakiwa na injini ile. Ikipita alama ya juu, hiyo nayo ni kasoro, kwani oili iliyozidi huweza kupigwa na kuwa povu, na povu halilainishi kitu. Yafaa ieleweke kwamba oili haifanyi kazi moja. Hulainisha vyuma vinavyosuguana, hupoza sehemu zisizofikiwa na maji, na hubeba uchafu kuupeleka kwenye chujio. Kwa hiyo hata oili isiyopungua huchoka, na lazima imwagwe pamoja na kubadilisha chujio lake kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Tena muda huo hufupishwa gari linapotumika katika vumbi, joto kali au safari fupi fupi za kusimama na kuondoka, na hizo ndizo hali za barabara zetu nyingi.

Aangalie kiwango cha maji ya rejeta kwenye chupa yake ya pembeni. Aangalie mafuta ya breki, ambayo hayapaswi kupungua ovyo ovyo. Yakipungua, ama pedi za breki zimelika ama kuna mahali yanavuja, na yote mawili yanataka fundi siku hiyo hiyo. Autazame mkanda unaozungusha feni au jenereta ya kuchaji betri: ukiwa na nyufa, umechanika pembeni au umelegea, uko njiani kukatika. Atazame vichwa vya betri. Ungaunga mweupe au wa kijani unaovizunguka huzuia umeme kupita, na huondolewa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, baada ya kufungua waya wa hasi kwanza. Wakati wa kufunga, waya huo wa hasi hurudishwa mwisho. Mwisho wa ukaguzi awashe taa zote na kumwomba mtu asimame nyuma athibitishe kwamba taa za breki zinawaka, kwa maana dereva hawezi kuziona taa zake za nyuma.

Juu ya matairi hatuna budi kuongeza neno. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo aghalabu ubavuni mwa mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa la baridi, kabla ya safari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata joto na huweza kupasuka. Lenye upepo mwingi hulika katikati na halishiki barabara vyema. Kadhalika tairi huzeeka hata likiwa na meno mazuri. Ubavuni mwake huwa na tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka lilipotengenezwa: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mnunuzi wa gari lililotumika, au wa tairi lililotumika, asome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha zake. Meno yanayong'aa kwa rangi nyeusi iliyopakwa jana yasimdanganye.

Somo la pili kwa anayeanza ni lugha ya taa za dashibodi. Magari mengi yanayotoka Japani huja na vitabu vya Kijapani, na mengine humsalimia mwenyewe kwa Kijapani kila yanapowashwa. Hata hivyo michoro ya taa hizo inafanana karibu katika magari yote, na rangi zake zinafuata kanuni moja iliyo nyepesi. Nyekundu ni amri, manjano ni onyo. Taa nyekundu yenye mchoro wa birika la oili ikiwaka wakati gari linakwenda, maana yake msukumo wa oili umepotea. Injini izimwe mara moja, mahali salama pa kwanza patakapopatikana, kwa kuwa dakika chache tu za kuendelea zaweza kuiua. Taa nyekundu ya joto nayo ni hivyo hivyo. Taa yenye mchoro wa betri husema kwamba betri haichajiwi. Gari litakwenda kwa umeme uliobaki, kisha litasimama. Taa ya manjano yenye mchoro wa injini humtaka dereva aende kwa fundi karibuni, lakini ikianza kumetameta apunguze mwendo na mzigo, kwa sababu injini haichomi mafuta sawasawa. Anayezoea kuendesha huku taa imewaka, akasema ni kawaida yake, amejinyima ushahidi wa shahidi mwaminifu kuliko wote.

Moshi nao una habari zake. Mvuke mwembamba mweupe wakati wa asubuhi ya baridi, kama ile ya Njombe au Makete, si kitu. Hutoweka injini ikipata joto. Moshi mweupe mzito usiokoma huweza kuwa dalili ya maji ya rejeta kuingia ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na pengine kisa chake ni chujio la hewa lililojaa vumbi, ambalo hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Somo la tatu ni namna ya kufikiri gari linapogoma. Hapa ndipo tofauti kati ya mtu aliyejifunza na asiyejifunza huonekana dhahiri. Asiyejifunza hufungua hiki, hugonga kile, hubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, na gari likiwaka hajui ni kipi kilichokuwa kibovu. Aliyejifunza huanza na jepesi kuelekea gumu, hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na kila hatua humpunguzia eneo la kutafuta. Akigeuza ufunguo na kusikia mlio wa kugonga tu, au taa zikififia, hutazama betri na vichwa vyake kabla ya yote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kiasi cha volti 12.6, ikisoma karibu na 12 imekwisha nguvu, na injini ikiwa inazunguka, kipimo kinapaswa kuwa baina ya 13.5 na 14.5. Kipimo cha umeme cha kufanyia kazi hiyo ni kidogo, na maofisa wenye gari moja wanaweza kukinunua kwa pamoja.

Kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, basi swali huwa jingine. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake; ya dizeli inataka mafuta, hewa na mgandamizo. Kimojawapo kimekosekana. Je, tangi lina mafuta? Swali hili huchekesha, lakini geji ya mafuta nayo huharibika. Je, pampu ya mafuta inasikika ikilia ufunguo unapofunguliwa? Je, kuna fyuzi iliyoungua? Je, chujio la hewa limeziba? Mwalimu wa sayansi ataona kwamba njia hii ni ile ile anayowafundisha wanafunzi wake: tazama, kisia, jaribu, kisha uamue. Hakuna uchawi katika injini, na anayeamini kwamba gari lina mikosi amejifungia mwenyewe mlango wa kulifahamu.

Injini ikichemsha njiani, mazoea mabaya ni kukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta na kumimina maji. Maji yaliyomo humo yako chini ya mgandamizo, na yana joto linalopita nyuzi 100. Kifuniko kikifunguliwa huruka na kumbabua mtu usoni na mikononi. Sheria ni kuegesha pembeni, kuzima, kungoja mpaka injini ipoe, na ndipo kifuniko kifunguliwe polepole kwa kitambaa kinene. Maji baridi hayamwagwi ghafla kwenye injini yenye moto, maana chuma chaweza kupasuka. Baada ya hapo itafutwe sababu: bomba lililopasuka, feni isiyozunguka, mkanda uliokatika au rejeta iliyoziba. Kuongeza maji kila siku bila kuuliza yanakwenda wapi ni kulipooza donda huku usaha ukizidi ndani. Tena maji matupu ya bomba huleta kutu na ukoko ndani ya injini. Inafaa kutumia maji maalumu ya rejeta yaliyoagizwa na mtengenezaji.

Kubadilisha tairi ni kazi ambayo kila dereva, mwanamke kwa mwanamume, anapaswa kuifanya bila msaada. Gari liegeshwe mbali na njia, mahali pagumu na tambarare. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma, breki ya mkono ivutwe, na gurudumu la upande wa pili liwekewe kizuizi. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kupiga jeki, si baada yake. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nati zikazwe kwa kupokezana, moja na ile inayoikabili, na zikaguliwe tena baada ya kwenda masafa mafupi. Haya hayahitaji misuli ya ajabu; yanahitaji utaratibu.

Tusiseme juu ya utunzaji tukasahau namna ya kuendesha, kwani mengi huharibiwa na mguu wa dereva. Anayeteremka mlima Kitonga au Sekenke huku amekanyaga breki mwanzo hadi mwisho huzipa joto mpaka zikashindwa kushika. Gia ndogo iwekwe kabla ya kuanza kuteremka, injini yenyewe izuie mwendo, na breki itumiwe kwa vipindi. Hii ndiyo kinga isiyonunuliwa dukani.

Pamoja na hayo, lazima tuseme wazi kwamba mwanafunzi asivuke mipaka yake. Mfumo wa breki, usukani, mifuko ya hewa ya usalama, na nyaya nene za rangi ya chungwa katika magari yanayotumia umeme na petroli kwa pamoja, si mambo ya kujaribia. Umeme wa nyaya hizo huua. Kujua usichokijua ni sehemu ya ujuzi, na fundi mwema humheshimu mteja anayetambua mahali pa kukomea.

Wengine husema kwamba magari ya siku hizi ni kompyuta tupu, na kwamba maarifa ya zamani yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba kabureta imeondoka, na kwamba tangu mwaka 1996 magari madogo mapya yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na tundu la aina moja la kusomea kasoro zake kwa kifaa, na utaratibu huo umeenea duniani. Lakini kifaa hicho husoma namba tu. Namba husema ni mahali gani pa kutazama. Haisemi ni kipuri gani kinunuliwe. Kasoro inayotajwa kuwa ya kihisio fulani huweza kusababishwa na waya uliokatwa na panya. Anayebadilisha vipuri kwa kufuata namba bila kupima hutupa fedha za mwenye gari. Tena hakuna kompyuta inayomwongezea mtu oili, wala inayojaza upepo tairi la akiba. Misingi ni ile ile.

Ujuzi huu mdogo hautamwondolea fundi riziki yake. Utaujenga uhusiano wao juu ya msingi ulio bora. Mteja anayefika gereji akisema tu kwamba gari ni bovu, humpa fundi kazi ya kubahatisha. Anayesema kwamba mlio hutoka gurudumu la mbele la kushoto, hutokea anapokata kona, na ulianza juma lililopita, amekwisha kufanya nusu ya kazi. Huyo pia anaweza kuomba aonyeshwe kipuri cha zamani kilichotolewa, kudai stakabadhi, na kuuliza kwa nini. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Mjanja mjanja ndiye huchukizwa, na kuchukizwa kwake ni jibu tosha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari, liwe la mtu au la umma, liwe na daftari lake: siku oili ilipobadilishwa na kilomita zilizosomeka, betri iliponunuliwa, mkanda ulipofungwa, mafuta yaliyotiwa na safari iliyokwenda. Daftari hilo huonyesha mapema kwamba gari limeanza kula mafuta au oili kuliko desturi yake, na hiyo huwa dalili ya ugonjwa kabla ya kelele kusikika.

Kwa magari ya umma wajibu ni mkubwa zaidi. Upo Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, na matengenezo ya magari ya Serikali yana taratibu zake. Lakini hakuna wakala atakayekuja kila alfajiri kupima oili katika ua wa kila ofisi ya wilaya. Hiyo ni kazi ya dereva, na kuhakikisha imefanyika ni kazi ya mkuu wake. Kiongozi anayeingia ndani ya gari na kuamuru safari mara moja, asimpe dereva hata dakika tano za ukaguzi, hana haki ya kumlaumu dereva huyo gari linapokwama. Na afisa anayetia saini hati za matengenezo asiyojua maana yake amekabidhi fedha za wananchi kwa bahati. Tukumbuke kwamba gari la wagonjwa lililolala kwa sababu ya mkanda uliokatika halimchelewi mtumishi. Linamchelewa mama mjamzito anayengoja kijijini, asiyejua mkanda ni nini wala aliyeuacha uchakae ni nani.

Kwa ndugu zetu walimu tuna neno la pekee. Maandiko ya Elimu ya Kujitegemea yaliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967 yalisisitiza kwamba elimu ya darasani isitengwe na kazi za maisha. Taifa lilikuwa na shule za ufundi kama vile Ifunda, Moshi na Tanga. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Na mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza kufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari. Lakini mwalimu hana haja ya kungoja karakana kubwa. Gari moja lililoegeshwa uwanjani linatosha kwa somo zima la fizikia: mgandamizo katika breki, sakiti katika taa, msuguano na vilainishi, kuchemka kwa maji chini ya mgandamizo. Kwa somo la kemia, betri ni maabara na kutu ni zoezi. Wanafunzi watakaozunguka injini ile, wasichana na wavulana pamoja, hawatayasahau waliyoyaona kama wanavyoyasahau waliyoyanakili ubaoni. Ila injini na iwe imezimwa na kupoa, na mikono ikae mbali na tindikali ya betri.

Shule za udereva nazo zijitazame. Mafunzo yanayoishia kwenye kukata kona na kurudi nyuma humtoa mtu nusu dereva. Si jambo kubwa kumtaka kila mwanafunzi apime oili, abadilishe gurudumu na aeleze maana ya taa nyekundu kabla ya kusema kwamba amehitimu.

Tunasisitiza kwamba hakuna katika haya jambo linalohitaji fedha nyingi wala kisomo kirefu. Linalohitajika ni nia, dakika kumi za asubuhi, kitambaa safi, kipimo cha upepo na daftari. Kila mtumishi mwenye gari na afungue boneti juma hili, na asichokielewa amwulize fundi au dereva wa miaka mingi bila kuona haya. Kila mkuu wa ofisi na aulize kesho asubuhi ni nani aliyeyakagua magari yaliyo chini yake, na jibu liandikwe daftarini.

Magari haya yamenunuliwa kwa jasho, ama la mtu mmoja anayekatwa mshahara kila mwezi, ama la taifa zima. Haki ya jasho hilo ni kutunzwa. Anayejua kuendesha na asijue kutunza amejifunza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki iko chini ya boneti, inamngoja.